Yatima Aliyekataa Mkate wa Masimango

Wako watu wasemao ya kuwa kitabu cha hadithi ni mchezo wa kupoteza wakati, wala hakimfai mtu mzima mwenye kazi na nyumba. Sisi hatukubali. Hadithi iliyotungwa kwa moyo wa kweli yaweza kumfundisha mtu jambo ambalo maonyo mengi hayakumfundisha. Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wazazi na walimu, habari za kitabu kimoja cha namna hiyo. Jina lake ni Jane Eyre. Mtungaji wake ni mwanamke Mwingereza, Charlotte Brontë, nacho kilitolewa London mwezi wa Oktoba mwaka 1847. Tangu siku hizo kimesomwa na watu wa mataifa mengi, na hata leo kingali kikipigwa chapa.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Msichana yatima, asiye na mali wala uzuri wa sura, atafuta mambo mawili. La kwanza, apate kula jasho lake mwenyewe. La pili, apate watu awezao kuwaita watu wake. Mambo haya ni magumu kupatikana pamoja, kwani mara nyingi wale watupao mahali pa kukaa hututaka tuwalipe kwa uhuru wetu. Basi natumfuate Jane katika nyumba alizokaa, tukaone alitakiwa kulipa nini katika kila nyumba.

Jane alikuwa mtoto wa kasisi maskini. Mama yake alitoka katika jamaa yenye mali, na kwa sababu aliolewa na maskini, baba yake alimkatia urithi. Mume na mke walipatwa na homa iliyokuwa ikiwaua maskini wa mjini, wakafa wote wawili, wala mwezi mzima haukupita kati ya kifo na kifo. Mtoto akachukuliwa na mjomba wake, Bwana Reed wa Gateshead. Naye mjomba alipokuwa kufani alimwahidisha mkewe kwamba atamlea yule mtoto kama mmoja wa watoto wake.

Je, Bibi Reed aliivunja ahadi yake? Kwa kuhesabu vitu, hakuivunja. Jane alikula, alivaa, alilala kitandani. Lakini kila siku alikumbushwa ya kuwa yu mzigo katika nyumba ya watu. Watumishi nao wakamwambia ya kuwa yeye ni duni kuliko mtumishi, maana mtumishi hula kwa kazi yake, na yeye hafanyi kazi. Mwana wa nyumba, John, mwenye miaka 14, alimpiga kama apendavyo. Siku moja Jane, naye alikuwa na miaka 10, alijificha nyuma ya pazia akitazama kitabu cha habari za ndege. John alipomwona alimwambia ya kuwa vitabu vya nyumba ile si vyake, akamtupia kitabu kile, naye akaanguka akajigonga kichwa mlangoni hata damu ikatoka. Jane akamrukia. Watu wazima walipofika hawakuuliza ni nani aliyeanza. Walimchukua yatima wakamfungia peke yake katika chumba chekundu, ndicho chumba alichofia mjomba wake, na huko akashikwa na hofu hata akazimia.

Lugha yetu ina neno kwa mambo haya, nalo ni masimango. Mwenye kusimanga hamnyimi mtu chakula. Humpa, kisha humkumbusha. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Jane ilikuwa neno shukrani. Kila alipotaka haki, aliambiwa ya kuwa hana shukrani, na neno hilo likamrudisha mahali pake.

Mlango ulifunguliwa kwa swali. Bwana mganga aliyeitwa kumtibu baada ya kuzimia aliketi kando ya kitanda chake, akamwuliza sababu ya kulia kwake, na kama angependa kwenda shule. Katika habari yote ya Gateshead, huyu ndiye mtu mzima wa kwanza tunayemwona akimwuliza mtoto yule yeye mwenyewe anataka nini. Jane akajibu ya kuwa angependa. Ndipo akapelekwa Lowood, shule ya wasichana yatima.

Shule ile ilisimamiwa na kasisi mmoja, Bwana Brocklehurst. Huyu alikuwa na dini nyingi kinywani. Alifundisha ya kuwa njaa na baridi huwafaa watoto maskini, kwa kuwa huutiisha mwili na kuokoa roho. Siku moja aliamuru wasichana wakatwe nywele zao, zisiwatie kiburi. Na palepale mkewe na binti zake wakaingia, wamevaa hariri na mahameli, nywele zimesokotwa kwa ustadi. Mtungaji haongezi neno. Amewaweka pamoja katika chumba kimoja, msomaji akaona mwenyewe.

Kasisi huyo alimsimamisha Jane juu ya kiti mbele ya shule nzima, akawaambia wote ya kuwa mtoto huyu ni mwongo. Ushahidi wake ulikuwa maneno ya Bibi Reed tu. Lakini mwalimu mkuu, Bibi Temple, hakufanya hivyo. Alimwita Jane chumbani mwake, akampa chai na mkate, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwandikia barua yule bwana mganga aulize kama maneno ya mtoto ni kweli. Jibu lilipokuja, aliwakusanya wanafunzi wote akatangaza ya kuwa Jane hana hatia. Walimu wetu na waliangalie jambo hili. Mtoto aliaibishwa mbele ya watu, na mwalimu mwema hakumsafisha kwa siri. Alimsafisha mbele ya watu walewale.

Huko Lowood Jane alipata rafiki wa kwanza, Helen Burns, msichana mpole aliyestahimili adhabu zisizo haki bila chuki. Kisha homa kali ikaingia shuleni, na kati ya wasichana 80, wasichana 45 wakalala wagonjwa kwa wakati mmoja. Helen hakufa kwa homa ile. Alikufa kwa kifua kikuu, usiku, Jane amelala kando yake.

Hapa yafaa kujua ya kuwa mtungaji hakuyatoa mambo haya hewani. Charlotte Brontë alizaliwa mwaka 1816 huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, naye alikuwa binti wa kasisi. Mama yake alikufa mwaka 1821, Charlotte akiwa na miaka 5. Mwaka 1824 yeye na ndugu zake watatu walipelekwa shule ya binti za makasisi huko Cowan Bridge. Mwaka uliofuata dada zake wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa wa kifua kikuu, wakafa, mmoja ana miaka 11 na wa pili 10. Baadaye Charlotte alisema ya kuwa Helen Burns ni sura ya dada yake Maria. Alipoandika kifo cha Helen, alikuwa akimlilia dada yake baada ya miaka zaidi ya 20.

Basi Jane alikaa Lowood miaka 8: miaka 6 mwanafunzi, na miaka 2 mwalimu. Mshahara wake ulikuwa pauni 15 kwa mwaka. Bibi Temple alipoolewa akaondoka, Jane naye akataka kuona dunia. Hakuwa na mtu wa kumsaidia, akapeleka tangazo gazetini ya kuwa mwalimu kijana anatafuta kazi ya kufundisha nyumbani. Jibu likaja kutoka nyumba iitwayo Thornfield, kwa pauni 30. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jane alikuwa na miaka 18, na kwa mara ya kwanza aliingia katika nyumba ya watu kwa mlango wa kazi.

Mwenye nyumba ile, Bwana Rochester, alikuwa mtu mkali na mwenye majuto, umri wake karibu miaka 40. Lakini alizungumza na mwalimu yule maskini kama azungumzavyo mtu na mwenziwe, akataka kujua mawazo yake. Haikuchukua muda mrefu wakapendana, naye akamposa.

Kabla ya hayo Jane alikuwa ameitwa tena Gateshead, kwa kuwa Bibi Reed alikuwa mgonjwa wa kufa. Mama yule alimtolea barua aliyoificha miaka 3. Ami yake Jane, aliyekuwa mfanya biashara katika kisiwa cha Madeira, aliandika akimtafuta mtoto wa ndugu yake ili amrithishe. Na Bibi Reed akajibu ya kuwa mtoto alikwisha kufa. Jane akamsamehe, akamwomba wapatane. Mgonjwa akageuza uso, akafa hivyohivyo. Yule aliyekula masimango aliweza kusamehe. Yule aliyesimanga hakuweza kupokea msamaha.

Siku za uchumba, Bwana Rochester alitaka kumpamba Jane kwa hariri na vito. Jane akakataa. Akaendelea kumfundisha mtoto wa nyumba ile, tena akamwandikia ami yake huko Madeira, maana hakupenda kuingia katika ndoa mikono mitupu, kama kitu kilichonunuliwa. Na barua ile ndiyo iliyomwokoa. Ami alipoisoma, palikuwa na mtu kwake aliyemjua Rochester vizuri. Siku ya arusi, kanisani, wakili akasimama akasema ya kuwa bwana arusi ana mke aliye hai. Ikawa kweli. Mkewe, Bertha, aliyeolewa Jamaica miaka 15 iliyopita, alikuwa amerukwa na akili, naye alifungwa katika orofa ya tatu ya nyumba ileile.

Bwana Rochester alimsihi Jane wahamie Ufaransa, wakae pamoja bila ndoa. Alimwambia ya kuwa hana jamaa wa kuona haya kwa ajili yake. Neno hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu hiyo lilikuwa na hatari kuu. Mwenye jamaa huweza kuzuiwa na aibu ya jamaa zake. Jane hakuwa na wa kumwonea haya ila Mungu na nafsi yake mwenyewe, na hao wakatosha. Wala msidhani ya kuwa hakumpenda bwana yule. Alimpenda mno, na kwa hiyo aliondoka usiku kimya kimya, asije akasihiwa tena.

Mfukoni alikuwa na shilingi 20. Alizitoa zote kwa mwenye gari la farasi, akashushwa mahali palipoishia nauli, na kwa fadhaa akasahau mzigo wake garini. Alilala porini. Alikwenda kijijini akaomba kazi, asipate. Akataka kubadili kitambaa chake cha shingo kwa mkate, akakataliwa. Siku moja alimwona mtoto mdogo akienda kumwaga uji uliopoa katika hori ya nguruwe, akauomba, akaula. Kitabu hakifichi ya kuwa uhuru una gharama.

Usiku akaona taa, akaifuata, akaanguka mlangoni pa nyumba ya kasisi kijana, St. John Rivers, na dada zake wawili. Wakamwingiza, wakamlisha, wakamtunza mpaka akapona, wala hawakumsimanga. Naye alipopata nguvu, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba kazi, kazi yo yote. Kasisi akampa shule ya wasichana wa kijijini. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi 20, na katika hao watatu tu walijua kusoma. Jane akiri ya kuwa moyo wake ulishuka, akaona kana kwamba ameteremka daraja. Kisha akajionya ya kuwa watoto wale katika matambara yao ni watu sawa na watoto wa watu wakubwa, na ya kuwa kuwaamsha ni wajibu wake. Baada ya miezi michache, kila alipopita njiani alisalimiwa kwa furaha.

Ndipo ikajulikana ya kuwa ami yake wa Madeira amekufa, amemwachia pauni 20,000. Tena ikajulikana ya kuwa akina Rivers ni watoto wa shangazi yake. Mtu aliyeishi maisha yake yote bila ndugu, kumbe aliangukia mlangoni pa ndugu zake! Jane hakusita. Aliigawa mali ile mafungu manne, kila mmoja pauni 5,000. Mtu akifikiri ya kuwa Jane alitafuta uhuru ili akae peke yake, na asome sehemu hii. Siku alipopata mali ya kumtenga na watu wote, aliitumia kwa kupata jamaa.

Jaribu la mwisho lilitoka kwa mtu mwema. St. John alikuwa akijiandaa kwenda Bara Hindi kuhubiri Injili, akamwambia Jane aende naye, awe mkewe. Jane alimstahi sana. Akakubali kwenda kama dada yake, afanye kazi yote. Lakini ndoa aliikataa, kwa sababu alijua ya kuwa mtu huyo hampendi. Amtaka kama atakavyo chombo cha kazi. Hapa msomaji Mkristo huenda akashangaa. Je, si afadhali kumfuata mhubiri kuliko kurudi kwa mtu mwenye makosa? Tuangalie vema. Jane hakuikataa kazi ya Mungu, wala kitabu hakiidharau; ukurasa wake wa mwisho wampa St. John heshima kuu. Alichokataa Jane ni mtu kulitumia jina la Mungu ili aitawale nia ya mwenziwe. Bibi Reed alitaka malipo ya shukrani, Rochester alitaka malipo ya dhamiri, na St. John alitaka malipo ya moyo. Wote watatu walikuwa na nyumba ya kumpa.

Jane akarudi Thornfield, akakuta magofu. Bertha alikuwa ameiteketeza nyumba kwa moto, akajitupa kutoka darini, akafa. Rochester alijaribu kumwokoa, akapoteza mkono mmoja na macho yake. Jane akamtafuta, wakaoana. Sasa alikuwa na mali yake na ndugu zake, wala hakuna shida iliyomsukuma. Alikwenda kwa hiari. Tukumbuke ya kuwa siku zile sheria ya Uingereza ilimpa mume mali za mkewe. Mpaka zilipotoka sheria za mwaka 1870 na 1882, mke hakuwa na ulinzi wa kutosha juu ya mali yake. Uhuru wa Jane haukutoka katika sheria.

Wako walioudhika na kitabu hiki. Mwishoni mwa mwaka 1848 gazeti kubwa liitwalo Quarterly Review lilikishutumu ya kuwa chapinga Ukristo, kwa sababu yatima huyu hanyamazi. Charlotte alikuwa amekwisha kuwajibu watu wa namna hiyo katika dibaji ya chapa ya pili, ya kuwa kumfunua mnafiki si kuishambulia dini. Sisi twaona alisema kweli.

Walakini liko neno moja ambalo kitabu hakikulimaliza. Bertha naye alikuwa mgeni, mbali na kwao, na aliolewa kwa ajili ya mahari ya pauni 30,000 aliyokuja nayo. Jane alifungiwa katika chumba chekundu kwa saa chache tu. Bertha alifungiwa miaka mingi, wala hatusikii maneno yake. Mwaka 1966 Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica, alitoa kitabu kiitwacho Wide Sargasso Sea, akamtungia Bertha habari zake na kumpa sauti. Twafanya vema kumkumbuka, maana yawezekana nyumba ikamkaribisha yatima mmoja mezani huku mwingine analia orofani.

Charlotte Brontë mwenyewe aliolewa mwezi wa Juni mwaka 1854, akafa mwezi wa Machi mwaka 1855, naye hajatimiza miaka 39. Wadogo zake na ndugu yake wa kiume walimtangulia wote. Huyu aliyetunga habari za mtu apataye jamaa aliandika katika nyumba iliyozidi kuwa tupu.

Wasomaji wapenzi, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyumba nyingi zina mtoto wa ndugu aliyefariki, au mtoto aliyeletwa kusoma. Anakula, anavaa, ana mahali pa kulala, nasi tukivihesabu vitu hivyo twaridhika. Bibi Reed naye aliweza kuvihesabu. Basi mtu asingoje mpaka mtoto azimie katika chumba chekundu ndipo bwana mganga aje kumwuliza. Jioni, kazi zikiisha, mwenye nyumba na aketi naye kidogo, amwulize yeye mwenyewe anataka nini, kisha anyamaze, amsikilize mpaka mwisho.